Mbona Mnyongaji Hufunikwa Uso?

Jumapili hapa Yanonge, Kongo, pasta mmoja alitufundisha kwamba mnyongaji hana dhambi. Ni mtumishi wa serikali kama mwalimu au nesi, akasema, na Paulo aliwaambia Warumi kwamba mtawala habebi upanga bure. Kanisa zima likaitikia amina. Nilinyamaza kwa heshima ya mama zetu, gazetini sinyamazi.

Kama kazi hiyo ni safi, mbona anayeifanya hufichwa uso? Tarehe 2 Juni 1966 Rais Mobutu aliwanyonga hadharani, Kinshasa, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walioitwa wasaliti, maelfu wakitazama. Mnyongaji alifunikwa uso. Mwalimu wa Yanonge, ambaye mshahara wake huja ukipenda, hajawahi kuingia darasani amejifunika gunia. Leo uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa unaitwa wa Mashahidi wa Pentekoste kwa heshima ya wale wanne. Nani kati yenu analijua jina la mnyongaji?

"Lakini yeye anatumwa tu!" Anatumwa na nani? Januari 2000, Kinshasa, mtoto askari wa miaka 14 alipigwa risasi nusu saa baada ya mahakama ya kijeshi kumhukumu. Machi 2024 serikali ikaruhusu tena watu wauawe kwa hukumu, jambo lililosimama tangu 2003. Januari 2025 waziri wa sheria, Constant Mutamba, akawapeleka kuluna, yaani vijana wa magenge, 102 katika gereza la Angenga wakangoje kuuawa. Septemba ya mwaka huohuo yeye mwenyewe akahukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu kwa kufuja fedha za kujenga gereza Kisangani, ingawa alikana. Nazo zilitoka kwenye fidia iliyolipwa na Uganda, ambayo wahanga wengi wa vita vya siku sita vya Kisangani vya mwaka 2000 wanaingoja hadi leo. Hilo pasta hakulihubiri.

Jirani yangu ananiambia tukiwanyonga kuluna tutaokoa chakula cha gereza. Chakula gani, ndugu yangu? Wafungwa wetu wanaletewa sahani na dada zao!

Hakimu hukosea, waziri hugeuka mshtakiwa, na aliyeitwa msaliti hujengewa uwanja. Aliyenyongwa harudi kuushangilia. Anayetaka watu wanyongwe na aombe kazi hiyo yeye mwenyewe, aandikishe jina lake kamili, afike uso wazi mbele ya mama wa marehemu.