"Kavunjika Mkono." Sawa, Lakini Wapi?

Ukishapata namba ya usajili chuoni, nyumbani wanakupandisha cheo bila kukuuliza. Unasoma Uhasibu, lakini ng'ombe akiugua unapigiwa wewe. Unasoma Sosholojia, lakini mtoto wa dada akianguka kutoka kwenye mwembe simu inaita kwako: "Mtoto kavunjika mkono, mfupa umehama kabisa. Wewe ndiye msomi wetu, tufanyeje?"

Hapo wengi wetu tunakimbilia jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Pelekeni hospitali kubwa, afanyiwe operesheni awekewe vyuma." La pili: "Mifupa ya watoto hiyo, mpelekeni kwa fundi amfunge, itaunga yenyewe." Mimi nasoma udaktari, na msimamo wangu ni kwamba majibu yote mawili ni ya kubahatisha, kwa sababu yanatolewa kabla ya kuuliza: kavunjika wapi hasa, na ana miaka mingapi?

Kiswahili chetu kinaita vyote mkono, kuanzia begani hadi ncha ya kidole. Kwa kusalimiana inatosha. Kwa mfupa uliohama haitoshi hata kidogo, maana sentimita chache tu zinabadilisha matibabu yote.

Tuanze na sehemu iliyo juu kidogo ya kifundo cha mkono. Watoto huvunjika sana hapo, kwa kuwa wakianguka hutanguliza kiganja. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha ncha moja ya mfupa imepanda juu ya nyingine, na mzazi akiiona anataka kuzimia. Lakini ule mfupa wa upande wa kidole gumba hupata takriban asilimia 75 ya urefu wake kutoka ncha hiyohiyo ya chini, kwenye tabaka la gegedu linalozalisha mfupa mpya mpaka ujana utakapoisha. Mtoto anavyokua, mfupa unajinyoosha. Mwaka 2012 madaktari wa Hawaii, Marekani, walichapisha taarifa ya watoto 51 wadogo, wa miaka kumi kurudi chini, waliovunjika hivyo hivyo, ncha zikiwa zimepandana. Hawakuwalaza kwa dawa ya usingizi ili kuuvuta mfupa urudi. Waliunyoosha mkono kwa upole, wakafunga hogo, wakafuatilia. Mifupa yote iliunga, na vifundo vikarudi kukunjika kama kawaida.

Kwa hiyo yule anayedai vyuma kwa kila mfupa uliopinda ajiulize anamdai nani. Familia itauza mbuzi, mtoto atalazwa kwa dawa ya usingizi, atakatwa ngozi, na hatari ya maambukizi itakuwepo, wakati pengine miaka miwili ya kukua ingefanya kazi hiyohiyo bila malipo.

Ila sasa shuka mpaka vidoleni, uone mambo yanavyogeuka. Mfupa wa kidole nao una tabaka lake la kukulia, lakini liko upande mmoja tu, ule ulio karibu na kiganja. Kidole kikivunjika karibu na hapo, nafasi ya kujinyoosha ni nzuri. Kikivunjika upande wa pili, kwenye shingo ya mfupa, msaada wa ukuaji ni mdogo sana. Na mfupa ukiwa umejizungusha, sahau habari ya muda: msokoto haujirudishi wenyewe. Kuutambua hakuhitaji mashine. Mwambie mtoto akunje vidole polepole, kadiri maumivu yanavyoruhusu, kisha linganisha na mkono wa pili. Vidole vinapaswa kuelekea sehemu moja, chini ya kidole gumba. Kimoja kikipanda juu ya jirani yake, hicho lazima kirudishwe mahali pake na daktari, ama kwa ganzi na kuvutwa tu, ama kwa kushikiliwa na waya mwembamba kwa wiki chache. Anayemwambia mama wa mtoto huyo "kitajinyoosha" anampa mtoto kilema cha maisha. Mkono huo ndio utakaoshika kalamu, jembe na ndoo.

Kuna jeraha jingine linalodanganya zaidi. Mtoto kabanwa kidole na mlango, ukucha umechomoka kwenye shina lake, damu kidogo. Nyumbani wanasema ni ukucha tu, wanafunga kitambaa. Mwaka 1966 daktari aitwaye Seymour alieleza kwamba chini ya ukucha wa namna hiyo mfupa unaweza kuwa umevunjika palepale penye tabaka la kukulia, huku kidonda kikiwa wazi. Huyo anahitaji kuoshwa vizuri, kupewa dawa za kuzuia maambukizi na kurudishiwa mfupa mahali pake. Akiachwa, usaha unaweza kuingia mfupani na kidole kikaacha kukua.

Kiwiko nacho kina sheria zake. Mfupa ukihama juu tu ya kiwiko, usitegemee ujinyooshe, na mishipa ya damu na ya fahamu inapita hapohapo. Huko vyuma mara nyingi ndiyo tiba, na haraka. Vilevile kijana wa miaka 14 si sawa na wa miaka sita: muda wake wa kukua unaelekea kwisha, hivyo mfupa wake hausamehe sana.

Najua kuna atakayesema: huko kwetu eksirei iko mbali, nauli ni shida, na fundi wa mifupa yuko jirani na ameponya wengi. Ni kweli ameponya. Lakini sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya ukuaji wa mtoto, si ya fundi, na hata sisi wa koti jeupe tunapewa sifa hiyohiyo bila kustahili. Fundi hana namna ya kuona ni mfupa upi wa kusubiri na upi usiosubiri. Na kosa linaloogopesha zaidi ni kufunga kwa kukaza. Mwaka 1881 Mjerumani Richard von Volkmann alieleza jinsi misuli inavyokufa ikikosa damu chini ya bandeji iliyobana, mkono ukabaki umejikunja kama kucha za ndege. Kwa misuli hiyo, saa sita zinatosha kuleta madhara ya kudumu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au mtoto akipiga kelele ukivinyoosha, kamba na vijiti vifunguliwe saa hiyohiyo, na aende hospitali hata kama ni usiku wa manane. Hata hogo la hospitali likibana hivyo, arudishwe mara moja lipasuliwe.

Na "kusubiri" maana yake si kukaa nyumbani. Mfupa unaweza kuhama tena ndani ya hogo, ndiyo maana kuna kliniki ya wiki ya kwanza. Baada ya siku 7 hadi 10 mfupa wa mtoto umeshaanza kushikana, na kuuvuta kwa nguvu karibu na tabaka la kukulia kunaweza kuliharibu. Nauli ya kliniki hiyo ina thamani kuliko nauli ya kwenda kutafuta mtaalamu mwezi ujao. Kama una chochote cha kutuma kwenye boom lako, tuma kwa ajili ya hiyo.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Kila mwaka wenzetu wa Ualimu wanakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule ambazo watoto wanaanguka kila siku ya Mungu. Kabla hawajaondoka, watengewe nusu siku na zahanati ya chuo: namna ya kuushikilia mkono uliovunjika bila kuukaza, namna ya kukagua vidole, na dalili za kukimbiza mtoto hospitali. Haihitaji bajeti ya bonanza. Inahitaji ukumbi, bandeji kadhaa na watu wa mwaka wa nne na wa tano wa udaktari, nao wapo. Mimi nimeshaandika jina langu la kwanza.