Dada wa Kunguruma

Wiki hii nawaletea dada mmoja kiboko, Sharon Bascovsky wa Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1988 yeye na mwenzake Terri Heggs walianzisha Derketa, bendi ya deth metali ya akina dada pekee. Sharon anapiga gita na kuimba mwenyewe, tena kwa sauti ya kunguruma kama simba! Wakatoa demo, bendi ikasimama, ikaamka tena. Albamu yao ya kwanza, In Death We Meet, ikatoka 2012. Piga hesabu: miaka 24!

Huku kwetu binti akibeba gita tu mtaani, anaulizwa nani atamuoa. Jamani, mwacheni apige. Nanyi akina dada, msingoje ruhusa. Wiki ijayo tena!