JAHAZI LISIFUATE MTEPE

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2023 visiwa vyetu vya Zanzibar vilipokea watalii zaidi ya 600,000. Wageni wamekuja, na karibu yetu wameipata. Sasa sisi tunauliza: je, mwenyeji amepona?

Twende Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya Unguja, mahali panaposifika tangu zamani kwa kuunda majahazi. Hata leo fundi yuko pale kivulini, tezo mkononi, akichonga mataruma na kupiga kalafati. Hatua chache kutoka kwake pana mahoteli. Mgeni hupita, husimama, hupiga picha, akaenda zake. Kesho yake hupanda boti ya faiba yenye mashine, na jioni hununua kinyago ambacho hakikuchongwa Unguja wala Pemba. Fundi faida yake ni ile picha aliyopigwa, na hata hiyo picha hakuiona.

Ndugu wananchi, jambo hili lina mfano katika historia yetu wenyewe. Zamani pwani hii ilikuwa na mtepe, chombo kilichoundwa bila ya msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Tazameni basi jinsi chombo kimoja kilivyolisha mikono mingi: aliyefukia makumbi ufukweni, akayapiga na kuyasokota, aliyesuka tanga, aliyechonga mbao, na nahodha aliyekwenda nacho. Mtepe ulipokosa kazi, mikono hiyo yote ilikosa kazi pamoja nao. Baadaye ukaundwa mtepe wa mfano, ukawekwa ndani ya Beit el Ajaib ili watu wautazame. Na jumba hilo nalo, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Funzo ni hili: kazi ya mikono haihifadhiki kwa kufungiwa ndani ya jumba. Huhifadhika kwa kuagizwa, kulipiwa na kurithishwa.

Wako watakaosema kuwa tunataka kuwarudisha watu nyuma. Hapana. Hatusemi meli za kwenda kwa kasi ziondolewe, wala mgonjwa wa Tumbatu avushwe kwa tanga huku mashine ipo. Tunasema kwamba mgeni aliyekuja kupumzika hana haraka. Upepo wa kaskazi na wa kusi hauuzwi dukani, hautoi moshi, wala hauchafui bahari anayoogelea. Katika ghuba ya Menai wako wageni wanaopelekwa matembezini kwa majahazi na ngalawa, nao hufurahi. Basi jambo linawezekana.

Kwa hiyo tunataka mambo manne. Kwanza, wenye mahoteli waagize mikeka, vikapu, makawa na kamba kwa wasukaji wa vijiji vyetu, na bei ihesabu siku za kazi. Haifai mtu aezeke kwa makuti yetu, avipe vyumba vyake majina ya Kiswahili, kisha atandike zulia la kiwanda cha ng'ambo. Pili, safari za wageni za karibu ziende kwa vyombo vya wenyeji, vikaguliwe sawasawa, na kila abiria apewe jaketi la kuokolea maisha. Tatu, ipandwe miti. Ngalawa hutoka katika gogo la mwembe. Anayekata mwembe leo bila ya kupanda mwingine amemnyima mjukuu wake chombo na embe pia. Nne, kijana anayekaa chini ya fundi kujifunza apewe posho. Tunawalaumu vijana kuwa wameikimbia kazi ya baba zao, lakini kijana atashikaje kazi isiyomlisha?

Na wasukaji na mafundi nao tunawaambia: ungeni vyama vya ushirika. Mama mmoja mwenye mkeka mmoja mbele ya mchuuzi hana sauti. Mama hamsini wenye bei moja wanayo.

Lakini tusinyooshe kidole kwa mwenye hoteli peke yake. Katika nyumba zetu, ni wangapi wanaokalia mkeka wa miyaa? Tumetandika wa plastiki kwa kuwa ni rahisi. Kofia ya viua, ambayo mshonaji huinamia wiki nyingi, tunaipita na kununua iliyoshonwa kwa mashine nchi za mbali. Kisha twashangaa mgeni akifanya vivyo hivyo! Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa huu hatukutiwa na mtu. Tumeuingia kwa miguu yetu, pesa mkononi.

Tulipotaka kujitawala hatukutaka bendera tu. Tulitaka jasho la mwananchi limnufaishe mwananchi. Utalii unaomwacha fundi kuwa pambo la picha haujafika huko.

Mtepe umekwisha kutupita. Jahazi bado liko ufukweni, na fundi wake yu hai. Tumpe kazi leo.