Amri Ieleweke Kila Mahali

Askari mmoja mstaafu wa mtaa wa Jabe, Bujumbura, alimwuliza mwanawe, fundi wa kompyuta: "Mwanangu, zi wapi picha za marehemu mama yako?" Kijana alifungua kompyuta ya baba yake, akatafuta, akanyamaza. Hazikuwamo.

Kijana huyo alikuwa ameandika skripti, yaani orodha ya amri, ya kuhifadhi mafaili ya nyumbani. Kwanza ilitazama kama diski ya nje imechomekwa. Kama haimo, isimame. Kisha ilinakili mafaili na kufuta yale ya zamani. Kwake ilifanya kazi vizuri. Kwa baba yake iliwaka alama moja ya lawama, ikaendelea. Diski haikuwamo, kunakili kukashindikana, kufuta kukafanikiwa.

Kosa lilikuwa wapi? Amri husomwa na programu iitwayo sheli, na sheli si moja. Katika kompyuta ya kijana jina "sh" lilikuwa la Bash. Katika ile ya baba, yenye Ubuntu, jina hilo ni la Dash tangu mwaka 2006. Kijana aliandika sharti lake kwa mabano mawili, [[ ]], ambayo Dash haiyajui. Dash ikahesabu sharti limeshindwa, ikairuka amri ya kusimama. Mlinzi wa mlango hakuelewa lugha ya zamu.

Jambo hili si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka, Uvira, watu husema "mayi". Unguja husema "maji". Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilianza kazi ya kusanifisha, Kiunguja kikiwa msingi. Sheli nazo zilipata usanifu wao, POSIX, mwaka 1992, uliotokana kwa sehemu kubwa na sheli ya Stephen Bourne ya mwaka 1979.

Mwandishi wa skripti ya kutumika popote yampasa:

1. Kuandika #!/bin/sh mstari wa kwanza, na kushika usanifu huo tu.

2. Kutumia mabano mamoja, [ ], na alama moja ya =, si mbili.

3. Kutia kila jina la kigezo ndani ya alama za kunukuu, kama "$diski", ili jina la faili lenye nafasi lisikatwe.

4. Kutumia printf badala ya echo -n.

5. Kuunganisha kunakili na kufuta kwa &&, ili kufuta kusifanyike ikiwa kunakili kumeshindikana.

6. Kuipitisha skripti kwenye ShellCheck, na kuijaribu katika Dash.

Karatasi za pensheni za mzee zilisalimika, kwa kuwa zilikuwa sandukuni. Picha hazikurudi. Kijana aliiandika skripti upya. Baba akaichomoa diski kwa mkono wake, akasema: "Sasa ijaribu." Safari hii ilisimama.