Kompyuta za Shule Zazidiwa na Joto, Si Uzee

Mwalimu yeyote aliyefundisha katika chumba cha kompyuta hapa Kigoma au Ujiji anaijua dalili hii. Asubuhi mashine hufanya kazi vizuri. Ifikapo saa nane mchana, hasa katika miezi ya kiangazi, mwendo wake huwa mzito, feni yake hulia kwa nguvu, kisha hujizima ghafla. Wanafunzi husema imeingiwa na virusi. Ikirudia mara tatu au nne huandikwa katika daftari la mali kuwa ni mbovu, nayo hupelekwa stoo. Maoni yangu ni kwamba nyingi ya mashine hizo si mbovu hata kidogo. Zimezidiwa na joto tu, na tiba yake ni kazi ambayo wanafunzi wa kidato cha tatu, wakisimamiwa na mwalimu wao wa fizikia, wanaweza kuimaliza katika vipindi viwili.

Ndani ya sanduku lile ambalo wengi wetu huliita "sipiyu", sipiyu halisi, yaani prosesa, ni kipande chembamba chenye upana wa kisanduku cha kiberiti. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani hutumia wati 65 hivi inapofanya kazi kwa bidii, na umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Balbu ya zamani ya wati 60 haishikiki kwa mkono. Hapa joto la kadiri hiyo limekusanywa mahali padogo zaidi. Prosesa nyingi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia mwendo zenyewe, na joto likizidi kupanda hujizima ili zisiungue. Basi kujizima huko si ugonjwa, bali ni kinga.

Juu ya prosesa hufungwa kipozeo, nacho ni pande la alumini, pengine lenye kiini cha shaba, lililochongwa mapezi mengi membamba na kuwekewa feni. Maana ya mapezi hayo wanaijua vema akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi na Katonga. Dagaa wakirundikwa huoza, wakitandazwa hupatwa na upepo wote wakakauka. Joto nalo likitandazwa juu ya uso mpana wa mapezi, upepo wa feni hulichukua. Lakini vumbi letu jekundu la Julai na Agosti likijaa kati ya mapezi, feni huzunguka bure.

Pana jambo la pili lisiloonekana kwa macho. Uso wa prosesa na uso wa kipozeo, hata vikiwa laini namna gani, vina mikwaruzo midogo iliyojaa hewa, na shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana hupakwa grisi maalumu ya kupitishia joto ili kuziba nafasi hizo. Baada ya miaka kadhaa grisi hiyo huweza kukauka na kupasuka kama tope la kiangazi, na hewa hurudi mahali pake.

Huenda mtu akauliza: je, hewa ya moto haipandi yenyewe na kuondoka? Hupanda, lakini mwendo huo wa asili ni dhaifu, na mfano wake tunao mbele ya macho yetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Maji ya juu yana joto la nyuzi 26 hivi na ya chini nyuzi 23 au 24, na tofauti hiyo ndogo yatosha kuyafanya ya juu yaelee na ya chini yabaki chini miaka nenda miaka rudi, hata kwamba chini ya mita 200 hakuna oksijeni. Kilicho moto kikishakaa juu pasipo na njia ya kutokea, hukaa. Hewa ya moto iliyonaswa ndani ya sanduku la kompyuta haina tofauti, na kwa hiyo feni haina budi kuisukuma.

Sasa tuweke tarakimu. Joto la prosesa ni sawa na joto la chumba, ukijumlisha ukinzani wa kipozeo uliozidishwa kwa wati. Aliyesoma Kanuni ya Ohm ataitambua mara moja: wati zimechukua nafasi ya mkondo, na tofauti ya joto nafasi ya volti. Tuchukue mfano wa kipozeo cha bei nafuu chenye ukinzani wa nyuzi 0.6 kwa kila wati, katika chumba cha nyuzi 30. Prosesa ya wati 65 itafika nyuzi 69, nayo ni salama kabisa. Vumbi na grisi iliyokauka vikipandisha ukinzani huo hadi 1.1, prosesa itafika nyuzi 101.5, na hapo itajizima. Tukinunua kiyoyozi kinachokula kilowati nzima ili chumba kishuke hadi nyuzi 22, bado prosesa ile chafu itakuwa na nyuzi 93.5. Kwa hesabu hiyo, kununua kiyoyozi kabla ya kununua brashi ni ubadhirifu, hata kama chumba kitapendeza zaidi siku ya wageni.

Kizuizi kikubwa, kwa maoni yangu, ni woga wa kufungua. Nchi yetu imewahi kuitilia shaka mashine hii: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na masharti hayo hayakulegezwa hadi miaka ya 1990. Sababu za wakati ule zilikuwa na uzito wake. Lakini leo mashine zimo madarasani, nasi tunazibandikia karatasi ya "Usifungue" kana kwamba ni sanduku la kura. Namwelewa mkuu wa shule anayehofia mali ya umma, kwa kuwa pini moja ya prosesa ikipinda yeye ndiye atakayeulizwa. Basi tuanze na zile zilizokwisha kuandikwa mbovu, kwani hizo hazina cha kupoteza. Dar es Salaam iko mbali nasi kwa reli zaidi ya kilometa 1,200, na nauli ya fundi huweza kupita thamani ya mashine yenyewe. Tena mji huu una historia ya kazi za namna hiyo. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ililetwa Kigoma vipandevipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa na kuteremshwa majini mwaka 1915. Sioni kwa nini tutishwe na parafujo nne.

Kazi yenyewe ianze kwa kuchomoa waya wa umeme na kugusa chuma cha sanduku ili kuondoa umeme tuli mwilini. Kisanduku cha pawa saplai kisifunguliwe kamwe. Vumbi litolewe nje ya chumba kwa brashi ya rangi, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Grisi ya zamani ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti, kisha liwekwe tone jipya kama punje ya mbaazi na si zaidi, kwa maana grisi hupitisha joto vibaya kuliko metali. Mara nyingi hayo hutosha. Kipozeo kipya kinunuliwe tu ikiwa feni imekufa au pini zimevunjika, na kiwe cha aina inayolingana na soketi ya bodi kuu. Kile cha alumini tupu, chenye feni ya milimita 92, chatosha shule. Vyenye taa za rangi na mipira ya maji tuwaachie wapendao mapambo. Parafujo zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, ili uzito usielemee upande mmoja, na waya wa feni usisahauliwe.

Hatimaye mashine iwashwe, na katika ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla ya programu nyingine kuanza, mwanafunzi mmoja asome joto la prosesa kila dakika moja kwa dakika kumi na mwenzake achore grafu ubaoni. Mstari ukipanda kisha ukatulia, kazi imekubali. Ukizidi kupanda, fungueni tena. Yaelekea kona moja ya kipozeo haikushika.