Bashraf si Utangulizi: Dhidi ya Uvivu wa Istilahi

Katika uhakiki wa nyimbo kuna mazoea yaliyokita mizizi: kila mlio wa ala unaosikika kabla ya maneno huitwa utangulizi, kisha huachwa. Hili si kosa dogo la istilahi. Ni msimamo wa kinadharia uliojificha, unaodai kwamba wimbo huanza pale neno la kwanza linapotamkwa. Dai hilo halina budi kupingwa.

Chukuliwe mfano wa bashraf. Neno hili lilitoka katika muziki wa Kituruki likapitia Kiarabu. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kile kiendacho mbele. Watetezi wa istilahi moja watadakia papo hapo kwamba huko ndiko kutangulia hasa. Hoja yao ina mvuto, lakini inachanganya asili ya neno na matumizi yake. Katika taarab ya Unguja, ambako Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, bashraf hufungua hafla nzima wala si wimbo mmoja. Ni utungo wa udi, kanuni, nai na fidla, usiohitaji mwimbaji. Isitoshe, kwa kanuni yake ya jadi una sehemu nne, na kila sehemu hufuatwa na kipande kilekile kinachorejewa. Mhakiki anayetambua ubeti na kibwagizo katika shairi atakosaje kuvitambua hapa?

Dibaji ya utenzi ni jambo jingine. Humo mtunzi humsifu Mungu, humsalia Mtume, na pengine huagiza karatasi na wino. Kwa Kiarabu neno hili lina uhusiano na hariri iliyonakshiwa, na kweli dibaji ni pambo. Lakini ni pambo la vazi fulani. Ikitengwa na utenzi wake, haisimami. Bashraf husimama.

Benga nayo, inayopigwa Nakuru hadi Kericho, ina desturi ya tatu. Mara nyingi gitaa linaloanza hupiga mahadhi yaleyale ambayo sauti itayafuata. Huo si mlango wala pambo. Ni kana kwamba ubeti wa kwanza umepigwa badala ya kuimbwa. Kazi tatu tofauti zimefunikwa kwa neno moja, na tofauti zenyewe zimepotea.

Hasara yake ni kubwa zaidi katika Bonde la Ufa la kati. Hugh Tracey aliporekodi nyimbo za Wakipsigis mwaka 1950, kinubi chao kilihifadhiwa pamoja na sauti. Leo mwanafunzi wa Njoro hupewa wimbo wa jamii yake ukiwa mishororo mitupu karatasini, akaulizwa wahusika, dhamira na tamathali. Ala imekwisha kukatwa kabla hajaanza kusoma. Kisha fasihi hiyo huitwa simulizi!

Hivyo basi, bashraf na iitwe bashraf, na dibaji ibaki kwa utenzi. Palipo na ufunguzi wa ala, mkusanyaji aeleze ni ala gani, inapiga mahadhi gani, na sauti inaingia wapi. Asiyeweza kueleza hayo hajaukusanya wimbo. Amekusanya maneno yake tu.