Simu ya Mtoto wa Laela Haina Ctrl

Sisi wa education tunaotengeneza mazoezi ya kwenye simu kwa ajili ya TP tuna swali moja lisiloisha: nikibadilisha ukubwa wa fremu kwenye Figma vitu vinahama, nifanyeje? Jibu linalozunguka hosteli ni fupi: shikilia Ctrl huku unaburuta ukingo. Ni jibu sahihi, ila mimi naliona ni nusu tu.

Fremu ni kile kisanduku kinachobeba maandishi, picha na vitufe vya ukurasa. Kila kilichomo kimefungwa kamba kwenye ukingo fulani, kama mbuzi kwenye kigingi. Figma inaziita kamba hizo konstrenti. Usipogusa chochote, kitu kinafungwa kushoto na juu. Ndiyo maana ukivuta ukingo wa kulia hakuna kinachotikisika, lakini ukivuta wa kushoto vyote vinakufuata. Ukishikilia Ctrl (wenye Mac, Command) kamba zinapuuzwa: kisanduku kinabadilika, vilivyomo vinabaki palepale. Wanaotumia kundi badala ya fremu ndio wanaoumia zaidi, maana kundi ukilivuta, vilivyomo vinavutika nalo, na picha ya moyo wa binadamu inakuwa bapa kama chapati.

Watu wa Rukwa tumeliona hili kwenye ramani. Mwaka 2012 mkoa uligawanywa, Katavi ikazaliwa. Mpaka ulihama, Mpanda haikusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni kamba: mwenye shughuli ya ngazi ya mkoa zamani alipanda basi kuja Sumbawanga, sasa ofisi ziko hapohapo mjini kwake.

Sasa shida yangu na hiyo Ctrl. Iko kwenye kompyuta yako wewe. Umechora ukurasa wenye upana wa 412, simu ya mtoto wa Laela au Namanyere ina 320, na kule hakuna wa kumshikilia kitufe. Ukurasa unapungua wenyewe, kwa kufuata kamba ulizoziacha. Kama "Wasilisha" uliiweka kulia kwa macho tu, huku imefungwa kushoto, inabaki nje ya kioo. Mtoto kajibu maswali 20, hana pa kubonyeza. Simu yenyewe ni ya mzazi na inatakiwa. Kesho yake darasani anahesabiwa kati ya wavivu ambao hawakukusanya. Jamani, huyo kakosa nini?

Na Kiswahili kinaongeza uzito. Violezo vingi tunavyopakua vimechorwa kwa maneno ya Kiingereza. "Save" ina herufi 4, "Hifadhi" ina 7. "Submit" ina 6, "Wasilisha" 9. Kupanua visanduku ni lazima, tupende tusipende. (Kwa vitufe, tumia oto-leiauti, kisanduku kilikumbatie neno lenyewe.)

Wapo watakaosema haya ni ya watu wa kompyuta, na bando lenyewe la kufungulia Figma linatoka kwenye boom. Sawa, lakini kufunga kamba hakuzidi mibofyo miwili. Kichwa cha somo kifunge kushoto, kulia na juu. Namba ya swali, kushoto. "Wasilisha", kushoto, kulia na chini, ili inyooke na kujikunja pamoja na kioo. Ctrl ibaki kwa kazi yake, yaani pale unapotaka nafasi juu ya ukurasa uongeze mstari wa maelekezo bila kuvuruga ulichokwisha kupanga.

Kwa hiyo naomba wanaoendesha vipindi vyetu vya Jumamosi waanze na kamba, rangi zije baadaye. Na kabla hatujamkabidhi mwalimu wa shule kazi yoyote, mtu aiburute fremu hadi 320, mkono ukiwa mbali na Ctrl, aone kama "Wasilisha" bado inabonyezeka.